Ng'ombe Wanne kwa Gari la Tajeu

Sakina, Arusha
8 Oktoba 2023

Mdogo wangu Efraimu,

Salamu nyingi kutoka huku. Sisi hatujambo. Frederick anakusalimu kutoka chini ya gari la mtu, maana siku hizi ndiko anakoishi, mimi mume wangu namwona miguu tu. Binti yetu Nice anafanya mtihani wa kidato cha nne mwezi ujao na ghafla amekuwa mcha Mungu kupita mchungaji. Mvua bado. Vumbi la barabara ya Nairobi tunalila pamoja na ugali.

Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu simu yako inapatikana siku moja tu kwa mwezi, ile unayoshuka Inyonga na gari la chakula cha kambi, na siku hiyo yote unaimaliza ukisikiliza sauti alizokutumia mwenzako wa rika, Tajeu. Halafu nikikupata na kuanza kukusema, mtandao unakatika. Ajabu yake haujawahi kukatika nikikusifu. Barua haina kitufe cha kukata, utaisoma mpaka mwisho.

Jumamosi nilipanda Olmotonyi nikamkuta mama amekaa kwenye kigoda, kamba iko mapajani, anawatazama ng'ombe wake wanne. Nikamuuliza kulikoni. Akasema, "Efraimu ameomba niwauze anunue gari la Tajeu. Nimekubali." Basi. Kama mtu aliyeombwa chumvi na jirani.

Efraimu, una akili wewe? Wale ng'ombe ndio mama mwenyewe. Maziwa anayoyashusha Ngaramtoni kila asubuhi ndiyo yanayomfanya asituombe mimi wala wewe hata kipande cha sabuni tangu baba afe. Unataka kumnyang'anya hayo umpe nini? Gari la namba B, ambalo lingekuwa mtoto lingeshapiga kura!

Najua utasema ni Chuma. Nyinyi watu wa rika lenu mmelipa gari hilo jina la Chuma mpaka jina lake la kiwandani mmelisahau. Si kubwa kama ya watalii, si dogo kama ya kwendea sokoni, tairi ya akiba limeibeba mgongoni kama mtoto, na mwenyewe akilipanda anakaa kama mkuu wa mkoa. Sita mnazo, na zote sita zimenunuliwa kwa sababu mmoja alinunua.

Nimekaa kwenye duka hili la spea miaka kumi na moja. Kila mwenye Chuma anayeingia hapa ananiambia halijawahi kumsumbua, na kila mmoja anaijua namba ya Frederick kwa kichwa. Wanajisifu kwamba spea zake zimejaa kila mahali. Mjinga gani asiyejiuliza kwa nini zimejaa? Mimi rejeta za Chuma nauza kama wenzangu wanavyouza nyanya.

Waache ng'ombe wa mama. Msalimie wifi yangu Aika na mtoto.

Dada yako,
Sinyati


Kambi ya Msitu, Mlele
5 Novemba 2023

Dada Sinyati,

Shikamoo. Barua yako imenifikia juzi, imelowa mafuta ya taa, kwa hiyo ukali wako nimeunusa kabla ya kuusoma. Huku tu wazima. Aika anafundisha Inyonga, Lesian ameng'oka jino la mbele na anataka kuwa mwanajeshi. Tembo wamevunja choo cha kambi kwa mara ya pili mwaka huu. Tunajisaidia porini kama babu zetu na mkubwa wa kambi anasema ombi la choo kipya linashughulikiwa.

Sasa nikujibu. Nashangaa kufundishwa magari na mtu ambaye hajawahi kushika usukani. Wewe unayaona magari yakiwa yamelazwa. Daktari naye akikaa wodini miaka kumi na moja ataapa kwamba duniani hakuna mtu mzima.

Niko kwenye kundi la wenye Chuma kwenye simu. Ni watu mia na arobaini, kuanzia Arusha mpaka Mbeya, na nikishuka Inyonga nasoma mwezi mzima wa mazungumzo yao. Sijaona hata mmoja anayelalamika. Kuna mwalimu wa Babati amekwenda nalo Dodoma na kurudi bila kufungua boneti. Nyinyi wa dukani mnaongea tu.

La Tajeu ndilo bora kuliko yote. Miaka tisa halijawahi kuwasha taa ya injini, hata siku moja. Anauza kwa sababu anataka lori la mchanga, siyo kwa sababu nyingine. Na Tajeu ni mtu wa rika langu. Tulitahiriwa msimu mmoja, tulilala ngozi moja, damu yetu ilimwagika asubuhi moja kwenye baridi ile unayoijua. Mtu wa namna hiyo hanidanganyi. Anaweza kumdanganya mzungu, anaweza kumdanganya trafiki, lakini siyo mimi.

Kama huniamini mimi, mwamini mume wako. Krismasi iliyopita nilimuuliza Frederick mbele ya watu wote, wewe ukiwa unapakua pilau, akanijibu kwa kinywa chake, "Hilo la Tajeu usiliogope, chukua." Au siku hizi na shemeji yangu hajui magari?

Mwisho, usiseme kana kwamba nanunua anasa. Gari hili ni la mama. Ana miaka sitini na tisa na anapanda mlima ule kwa miguu akitoka kanisani. Usiku akiugua nani atamshusha hospitali? Bodaboda? Wewe uko Sakina, saa moja tu kutoka kwake, na sijaona ukimnunulia hata baiskeli.

Ndimi mdogo wako,
Efraimu


Sakina
26 Novemba 2023

Efraimu,

Hatujambo. Nice amemaliza mtihani, maombi nayo yameisha siku hiyo hiyo, sasa analala mpaka saa nne. Mvua imeanza na mfereji wa mbele ya duka umeziba kama kila mwaka. Mama hajambo, nimempelekea sukari, akanirudisha na maziwa na maparachichi nisiyoweza kuyabeba. Ng'ombe mwekundu atazaa mwezi wa pili. Nakutajia ili ujue kwamba huuzi wanne, unauza watano.

Nimecheka kuhusu kundi lako la watu mia na arobaini. Mdogo wangu, lile si kundi la wenye magari, ni kundi la watu wanaotafuta mnunuzi. Nani ataandika mle kwamba gari lake linachemsha, halafu kesho amuuzie nani? Yule mwalimu wa Babati usimwamini kabla hujaliona boneti lenyewe, huenda halifunguki.

Ngoja nikupe mkasa wa Jumanne. Aliingia hapa mtu wa rika lenu, jina nalimeza. Akataka rejeta. Nikamtolea. Akaniomba nimfungie kwenye gunia la pumba, eti asije akaonekana nayo barabarani. Nikamtafutia gunia. Wakati namfungia simu yake ikalia, akapokea, na huku ameegemea rejeta hiyo hiyo nikamsikia anasema, "Chuma? Aa, ndugu yangu, mimi naweka mafuta na kuendesha tu." Mwanaume mzima, ana mvi kichwani! Nilitamani kumpiga kwa mfuniko wa rejeta.

Hivyo ndivyo mlivyo wote sita. Mngekuwa mnadanganya watu wa mbali ningewaelewa. Mnadanganyana wenyewe kwa wenyewe, kila mmoja akidhani ni lake tu bovu, na aibu inamfanya alisifu zaidi.

Ukitaka ushauri wangu, mwambie Tajeu alipandishe gari lake mpaka kwa mama siku ya mvua, liwe na watu watano ndani. Likifika nitanyamaza. Nimeshamwambia mwenyewe nilipokutana naye sokoni, akasema barabara ile inaharibu rangi.

Na hayo ya baiskeli nimeyasikia. Ninayemwosha mgongo akiugua ni mimi, siyo barua zako.

Sinyati


Kambi ya Msitu, Mlele
20 Desemba 2023

Dada,

Shikamoo, na heri ya Krismasi. Sitaweza kuja, zamu ya sikukuu imeniangukia mimi. Tumechinja mbuzi aliyezeeka kuliko mkubwa wa kambi. Aika na Lesian wanakusalimu.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Umeandika kurasa tatu. Umemtaja Nice, umeutaja mfereji, parachichi na gunia la pumba. Nilikuuliza habari moja tu, ya Frederick, na jina la mume wako halimo hata mara moja.

Ninyi wawili mnalala kitanda kimoja. Ama yeye ni mwongo ama wewe ni mwongo. Niambie ni nani.

Mimi nimeshamwambia Tajeu ndiyo. Nimemwambia mbele ya wenzetu, kwa sauti niliyowatumia kwenye simu, wamesikia wote. Likizo yangu ni Februari. Wiki ya pili ya mwezi huo ng'ombe watashuka mnadani na gari litapanda kwa mama. Kama una la kusema, sema sasa.

Efraimu


Sakina
14 Januari 2024

Mdogo wangu,

Heri ya mwaka mpya. Sisi ni wazima wa mwili. Naandika niko dukani, Frederick ameenda Terrat kuvuta gari lililokwama, nami nataka kumaliza kabla hajarudi.

Mwongo ni Frederick. Na mimi pia, kwa sababu nimejua miaka yote hii nikanyamaza.

Ukiwasha gari zima, taa zote za dashibodi huwaka kidogo kisha zinazimika. Hapo gari linakuonyesha kwamba taa zake ni nzima. Kwenye gari la Tajeu ile ya injini haiwaki hata hapo mwanzo. Haiwaki kamwe. Frederick alikata waya wake miaka minne iliyopita, hapa hapa nyuma ya duka langu, mimi nikiwa nimemshikia tochi. Ilikuwa imekataa kuzimika. Injini inakula oili, gasketi ya hedi imeshabadilishwa mara mbili, na kutengeneza kabisa Tajeu hakutaka. Alitaka isionekane. Akaja wa pili akasema nifanyieni kama ya Tajeu. Leo ni watano kati ya hao sita. Aliyekataa ni Yiamat peke yake. Taa yake ikiwaka analeta gari, linatengenezwa, anaondoka, na wenzake wanamcheka kwamba alipata Chuma kibovu.

Nilimwuliza Frederick kwa nini alikwambia uchukue. Akasema, "Mwenye gari ndiye anayeamua anataka kuona nini. Mimi nikianza kutangaza magonjwa ya magari ya watu, kesho gereji hii ni banda la kuku." Na ni kweli, Efraimu. Hao sita ndio waliomsomesha Nice. Mimi niliyewacheka kwenye barua mbili nzima ninakula kwa waya zao.

Naona aibu. Nimeandika neno hilo nikalitazama, silifuti.

Sasa unajua. Mwambie Tajeu umeghairi, tafuta sababu yoyote, sema Aika amekataa, wanaume mnapenda sana sababu hiyo. Lakini haya usimwonyeshe mtu. Ukishasoma, choma.

Dada yako,
Sinyati


Kambi ya Msitu, Mlele
10 Machi 2024

Dada yangu,

Shikamoo. Naandika nikijua huenda usifungue bahasha. Nilipita dukani siku ya kuondoka nikakuta umefunga, na jirani yako akaniambia umefunga baada ya kuniona ninavuka barabara. Nilistahili.

Huku mvua ni kubwa, barabara ya Inyonga imekatika sehemu mbili. Lesian alikuwa na malaria, amepona. Aika amesikia yote yaliyotokea na ameniambia maneno ambayo hata wewe usingeyaandika.

Habari umezisikia vipande vipande, na kwa hasira. Acha nikueleze mwenyewe. Sikuichoma barua. Niliiweka mfukoni, nikaenda nyumbani kwa Tajeu walikokuwa wamekusanyika wote kunipongeza. Nilikuwa nimekusudia kusema Aika amekataa. Naapa. Lakini Tajeu akasimama na bilauri ya soda, akanishika bega, akasema, "Ndugu zangu, namkabidhi mwenzetu gari ambalo halijawahi kuniangusha," na wote wakaitikia, na watano kati yao walijua. Nikaona wananitazama kama ng'ombe anayepelekwa mnadani. Nikaitoa barua nikaisoma. Yote, pamoja na tochi.

Unajua nilitegemea nini? Nilitegemea waone aibu. Tajeu aliinamisha kichwa kidogo tu. Halafu mmoja akasema, "Umesoma barua ya mwanamke mbele ya rika?" Wakaanza kunihukumu mimi! Hakuna aliyeuliza habari za gari. Walikaa mpaka jioni, na hukumu ikawa kwamba nimemwita mtu wa rika langu mwongo mbele ya wenzake, faini ni ng'ombe mmoja, wa kuchinjwa na kuliwa na wote. Mimi niliyedanganywa ndiye ninayelipa. Yiamat pekee alinitetea, wakamwambia anyamaze, mwenye gari la taa.

Ng'ombe sina, unajua. Nilipanda kwa mama kumwambia, nikalia mbele yake, mtu wa miaka arobaini na mmoja. Hakunigombeza. Alisema atatoa dume lake, yule mweusi, wengine wabaki. Halafu akasema, "Waambie ng'ombe wangu hasafiri. Wanaomtaka wamfuate hapa hapa. Watakuja mwezi wa nne, na kila mmoja aje na gari lake." Nilidhani ni ukarimu. Niliwaambia, wakafurahi.

Dada, uliniuliza kama nina akili. Nikwambie kitu nilichokuwa sitaki kukiandika. Siku ya maziko ya baba yake Tajeu magari sita yalipanga foleni kwenda makaburini, na mimi sikuwa na pa kukaa. Wakanifungulia mlango wa nyuma, nikakaa na masufuria ya pilau. Nimesoma chuo cha misitu Olmotonyi, nina watu kumi na wanane chini yangu, na nilikwenda kuzika nikiwa nimekumbatia sufuria. Nilikwambia gari ni la mama. Halikuwa la mama.

Frederick anakula nyumbani? Niambie ukweli.

Mdogo wako,
Efraimu


Sakina
28 Aprili 2024

Efraimu,

Bahasha nimeifungua baada ya siku tisa. Hiyo ndiyo salamu yangu.

Frederick anakula. Wiki tatu za kwanza alikula kwa mama lishe wa stendi, huku akinitazama ninapika. Wateja watano waliondoka siku moja wakahamia gereji nyingine. Nice amepata daraja la pili na ada ya kidato cha tano tunaiwaza. Hayo ndiyo yaliyotokana na barua uliyoambiwa uichome. Nimekusamehe kwa sababu wewe ni mdogo wangu na kwa sababu ya sufuria, lakini usiniombe nikwambie ni lini nitaacha kukasirika.

Sasa sikiliza ya faini yako, maana hukuwepo, na kuna mambo ambayo mtu akiyakosa nayahesabu kama adhabu ya pili.

Wamekuja Jumamosi ya wiki iliyopita. Mvua ilinyesha siku nne mfululizo. Tangu pale lami inapoishia mpaka kwa mama barabara ilikuwa uji. Mama aliamka mapema, akavaa kanga mpya, akaweka kigoda chake kwenye upenu wa jiko, pale unapoiona njia yote mpaka darajani. Akaniambia, "Kaa." Tukakaa. Nyama iko motoni, wanaume wa ukoo wanageuza, sisi tunatazama njia kama watu wanaosubiri maandamano.

Walitoka mjini sita, wamepanga mstari, taa zote mbele zinawaka, honi. Wa kwanza aliishia pale kwenye kituo cha mafuta kabla hata ya matope. Boneti moshi mtupu. Alimpigia Yiamat akasema watangulie, yeye anamsubiri mgeni. Wa pili alisimama kwenye kona ya kanisa, boneti juu, mvua inamwingilia shingoni, na kila aliyepita akamwambia amesimama kupokea simu. Wa tatu alifika nusu ya mlima, akaanza kurudi nyuma polepole, kwa heshima zote, mpaka akaingia kwenye migomba ya watu. Gari la nne ni la Tajeu. Lilizima juu ya daraja, katikati kabisa, asipite mtu wala mbuzi nyuma yake.

Simu ya Frederick ikaanza kulia. Alikuwa amekuja kwa ajili ya mama, siyo kwa ajili yako. Ikalia ya kwanza, ya pili, ya tatu. Wale wale waliohama. Mwanaume ambaye hakuwa amecheka tangu Februari alicheka mpaka akakaa chini kwenye matope. Halafu akachukua dumu la maji akashuka, maana ni fundi, hajui kufanya vingine.

Waliofika na magari ni wawili. Mmoja sijui ni kwa muujiza gani, na hata yeye mwenyewe alionekana kushangaa. Mwingine ni Yiamat, na wote wawili walikuwa wametangulia mbele ya Tajeu. Aliegesha karibu na zizi, akashuka, suruali haina hata tone.

Tajeu alikuja kwa miguu, viatu mkononi. Mama hakuinuka. Alimsubiri afike mpaka mbele yake, ainamishe kichwa aguswe, kama anavyopaswa mbele ya mama wa mtu wa rika lake. Mama akamgusa kichwa, akamwuliza kwa upole kabisa, "Mwanangu, gari liko wapi?" Nikamwona anatafuta uongo. Nakuapia, niliuona unafika mpaka kwenye meno. Lakini kwa mama yako mwenyewe unaweza kudanganya, kwa mama wa mwenzako unashindwa. Akasema, "Yeyo, mama yangu, limezima darajani. Ni bovu. Ni bovu tangu zamani." Mama akasema, "Haya, kaa ule." Akamkatia wa kwanza.

Walikula dume lote bila kuzungumza magari. Fikiria hilo, wanaume sita, masaa matatu, hakuna aliyesema Chuma. Jumatatu asubuhi magari manne yalikuwa nyuma ya duka langu. Usifikiri wametubu. Watatu wanataka injini zitengenezwe na waya ubaki vilevile. Tajeu ndiye pekee aliyesema, "Rudisha taa." Frederick ameirudisha. Inawaka mchana kutwa, na Tajeu ameandika kwenye lile kundi lenu kwamba gari lake linauzwa na linachemsha. Wamemtoa kundini.

Lakini hayo siyo ninayotaka ubaki nayo.

Jumapili Yiamat alirudi. Alisema anataka kumpeleka mama kanisani kwa heshima, kwa gari lililofika. Nilikuwa nimelala huko, nikapanda nyuma. Mama alikaa mbele, amepiga kanga zake, Biblia mapajani, watu wanampungia. Nikasema moyoni, huenda Efraimu hakukosea yote. Hatujafika hata darajani mama akamwambia Yiamat asimame. Kabla hajasimama vizuri mama akatapika, Efraimu. Kwenye kiti, kwenye zulia, kwenye viatu vya Yiamat. Akashuka, akanawa kwa maji ya mto, akashika Biblia yake akaenda kwa miguu. Nikamfuata, nikiwa na wasiwasi kwamba ameugua.

Haumwi. Aliniambia njiani, pumzi haijamkata wala nini, mimi ndiye niliyekuwa nahema. Gari linamtapisha tangu akiwa na mimba yangu. Lolote, jipya au bovu. Ndiyo maana anatembea. Sisi tulidhani anapenda.

Nikasimama pale pale. Nikamwuliza, "Sasa mama, kwa nini ulikubali kuuza ng'ombe wanne kwa ajili ya kitu usichoweza kukipanda?"

Akasema, "Efraimu aliniomba. Tangu baba yenu afe hajawahi kuniomba kitu."

Nikamwambia, "Na mimi nimepanda mlima huu mara ngapi kukutetea, nimegombana na mdogo wangu, nimegombana na mume wangu. Ungeniambia neno moja tu."

Akaniangalia kama anavyoniangalia nikimwaga maziwa.

"Wewe ulikuja kunieleza habari za rejeta," akasema. "Hukuniuliza kama ninapanda gari."

Dada yako,
Sinyati